Maneno mapya darasa la tatu: orodha ubaoni, hadithi, au ukoo wa neno?

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilimsimamisha msichana mmoja wa darasa la tatu asome ukurasa mzima. Akasoma bila kukwama popote. Penye nukta alipumzika, penye alama ya kuuliza alipandisha sauti, na wenzake wakampigia makofi. Katika ukurasa ule palikuwa na msafiri aliyestahimili kiu siku mbili. Nikamuuliza huyo msafiri alifanya nini. Akarudi kwenye mstari, akausoma upya, vizuri kuliko mara ya kwanza: alistahimili kiu. "Sawa, lakini alifanya nini?" Akafikiri kidogo. "Alikunywa maji, mwalimu."

Jibu lile limenikaa moyoni kwa sababu halikuwa la mtoto mvivu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno asiloweza kulisoma, hata lile ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hiyo ni baraka kubwa, lakini baraka hiyohiyo inatuficha jambo. Tunamsikia mtoto anasoma, tunajaza kwenye rekodi kwamba anasoma, na maana imebaki kitabuni.

Nafundisha Kiswahili wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na kabla ya hapo nilikaa miaka minne pwani ya Lindi. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili uanze kutumika 2015, nguvu nyingi zimekwenda kwenye silabi. Walimu wengi wa Mtwara tulipitia mafunzo ya mradi wa Tusome Pamoja, wenzetu wa Lindi wakapitia EQUIP-Tanzania, na kazi hiyo imeonekana madarasani. Mtoto anapoingia darasa la tatu, ukuta anaogongana nao ni maneno. Vitabu vinaacha kusema "baba analima" na kuanza kusema "wakulima waliridhia".

Njia nitakazozilinganisha hapa nimezitumia zote, kila moja kwa muhula mzima au zaidi, katika darasa la watoto 84 ambalo vitabu havimtoshi kila mmoja. Nataka kumsaidia mwalimu mwenzangu achague. Na nilichojifunza ni kwamba uchaguzi hauanzi na njia. Unaanza na neno.

Neno ni la aina gani?

Watafiti watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, waliyagawa maneno katika mafungu matatu, na mgawanyo wao unatufaa hata sisi. Fungu la kwanza ni maneno ya kila siku: mlango, kimbia, njaa. La pili ni maneno ya watu wazima na ya vitabuni, yanayotokea katika masomo mengi: stahimili, sita (kitendo, si namba), baini, shauku, hatimaye, licha ya. La tatu ni maneno ya somo moja: ikweta, usanisinuru, visukuku. Wao wanashauri nguvu kubwa iende fungu la pili, kwa sababu hayo ndiyo yanayomfungulia mtoto kurasa nyingi, na ndiyo ambayo hayasikii akiwa anacheza.

Nakubaliana nao, ila kwa huku kwetu naongeza jambo moja. Fungu la kwanza halifanani kwa watoto wote. Mtoto wa Mtwara mjini ameamka na Kiswahili. Mtoto wa kijiji cha ndani huku Newala ameamka na Kimakonde, wa Masasi huenda kaamka na Kimakua au Kiyao, wa Nachingwea na Kimwera. Kabla sijasema neno fulani ni jepesi, nauliza kwanza ni jepesi kwa nani.

Orodha ubaoni

Hii ndiyo tuliyofundishwa nayo wengi wetu. Mwalimu anaandika maneno kumi ubaoni, mbele ya kila neno anaweka maana, watoto wananakili, kisha wanatunga sentensi. Sitaidharau. Inahitaji chaki tu. Daftari linajaa, mzazi anaona kazi, mkaguzi anaona kazi. Na kuna maneno yanayofundishika vizuri hivyo: yale yenye pacha ambalo mtoto analijua tayari. Stakabadhi ni risiti. Bahari kuu ni bahari ya mbali na pwani. Hapo hapahitaji maneno mengi, andika na usonge mbele.

Tatizo linakuja neno likiwa halina pacha. Niliandika "shauku: hamu kubwa", nikaomba sentensi. Nikapata daftari zaidi ya kumi zenye aina hii: "Mama amenunua shauku sokoni." Watoto walifanya walichoweza. Walijua shauku ni jina la kitu fulani, na vitu hununuliwa. Maana ya kamusi imeandikwa kwa ajili ya mtu anayelijua neno nusu na anataka kuhakikisha. Mtoto asiyelijua kabisa inampeleka kwenye neno jingine, na huko nako hapajui.

Halafu kuna suala la mikono. Kipindi cha darasa la tatu ni dakika 40. Kunakili maneno kumi na maana zake kunakula 25 kati ya hizo kwa watoto wa kawaida, na kwa waandishi wa polepole kengele inalia wakiwa neno la sita. Wapo wanaonakili vibaya, "stamili" badala ya "stahimili", kisha wanakariri kosa lao kwa bidii. Nimelisahihisha neno hilohilo kwenye daftari moja mara nne.

Hadithi ya kusomewa

Sasa chukua neno lilelile, stahimili, kwa njia ya pili.

Watoto wanafunga madaftari. Nasema "Paukwa!", wanaitikia "Pakawa!", nasoma hadithi yote bila kusimama, ili waifuate kwanza kama hadithi. Nikimaliza narudi kwenye maneno matatu tu niliyoyachagua usiku uliopita. "Hadithi imesema msafiri alistahimili kiu. Semeni: stahimili." Wanasema mara mbili, maana sauti ya neno inapaswa kukaa mdomoni kabla ya maana. Kisha natoa maelezo kwa maneno yao: "Kustahimili ni kupata jambo gumu au la kuumiza, ukaendelea bila kukata tamaa." Halafu, na hapa ndipo penye kazi, naliondoa neno kwenye hadithi. Mkorosho unastahimili ukame; mahindi yanakauka, wenyewe umesimama. Bibi anastahimili maumivu ya goti na bado anakwenda shamba. Usipofanya hivyo, mtoto atadhani neno hilo kazi yake ni kiu tu. Mwisho nawapa la kufanya: nikitaja jambo la kustahimili, simameni, nikitaja jambo la kufurahisha, kaeni. Kutembea mpaka shule juani? Wanasimama. Kula mabibo? Wanakaa, wakicheka. Siku moja nilisema "kuchomwa sindano" na darasa likagawanyika, wengine wamesimama na wengine wamekaa, wakaanza kubishana. Mabishano yale yalinifundishia neno kuliko mimi.

Kwa neno "sita" ilikuwa tamu zaidi, kwa sababu wote walidhani ni namba. "Sungura alisita mlangoni." Sungura alikuwa wa sita? Nikatoka nje, nikarudi nikainua mguu kuingia, nikaushusha, nikatazama ndani, nikainua tena. "Mwalimu amefanya nini?" Anaogopa, anafikiri, hajui aingie au asiingie. Ndiyo, anasita. Hadi leo wakimwona mwenzao amechelewa, amesimama mlangoni, wanasema, "Anasita huyo."

Ukilinganisha njia hizi mbili kwa idadi, orodha inashinda: maneno kumi dhidi ya matatu. Ukilinganisha wiki mbili baadaye, mambo yanageuka. Nilichukua maneno kumi ya orodha na matatu ya hadithi, nikauliza kila mtoto kwa mdomo, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko ya saa nne. Ya hadithi karibu wote waliweza kunipa mfano wao wenyewe. Ya orodha, wengi walikumbuka kwamba waliyaandika. Hesabu hiyo ni ya darasa moja na mwalimu mmoja, lakini kwangu ilitosha kubadilisha ratiba ya wiki.

Hadithi ina faida nyingine ambayo shule zetu haziwezi kuipuuza: inahitaji kitabu kimoja. Watoto 84 wananufaika na kitabu kilicho mkononi mwa mwalimu. Na mtoto ambaye bado anahangaika na silabi anapata msamiati sawa na mwenzake anayesoma vizuri, maana masikio yake hayana tatizo lolote.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Kwanza, maandalizi. Maelezo kwa maneno ya mtoto hayaji yenyewe ukiwa mbele ya darasa. Ukitaka kueleza "hatimaye" papo kwa papo utajikuta unasema "yaani… hatimaye… mwishoni", na ndiyo hivyo umerudi kwenye kamusi. Lazima uyaandike jana yake. Pili, mtoto wa nyuma kimya anaweza kusimama na kukaa kwa kufuata wenzake. Nawaambia wafumbe macho kwanza, waamue, ndipo wasimame. Tatu, neno limesikika lakini halijaonekana. Ukimaliza hadithi bila kuandika maneno matatu makubwa ubaoni, utawafundisha kuzungumza na kuwaacha nyuma katika kusoma.

Ukoo wa neno

Njia hii naipenda kuliko zote, na nasikitika kwamba tunaiacha hadi watoto wafike sarufi ya madarasa ya juu, ambako inageuka kuwa maswali ya mtihani. Kiswahili kinajenga maneno kwa mzizi na viambishi waziwazi kabisa. Kwa nini mtoto afundishwe neno mojamoja wakati lugha yenyewe imeyapanga kwa koo?

Chora mti ubaoni, chini andika "zaa". Waulize: anayezaa ni nani? Mzazi. Watoto wa wakati mmoja? Kizazi. Aliyeletwa duniani? Amezaliwa. Shamba linazaa nini? Mazao. Korosho ni moja ya mazao, kwa hiyo ni? Zao. Mbu anazaliana wapi? Kwenye mazalia. Hapo uko katika somo la afya bila kuvuka kizingiti. Kuna uzazi, kuna zalisha, kuna uzalishaji, kuna mzaliwa. Katika kipindi kimoja darasa lilifikisha maneno kumi na mawili, na mwalimu alikuwa amefundisha kitu kimoja tu. Wiki iliyofuata tukakutana na "kizazi kijacho" katika kitabu, na mtoto aliyekaa karibu na dirisha akaninong'oneza, "Ni wale wa mti wa zaa."

Wanaipenda hasa jozi za kufunga na kufungua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Choma, chomoa. Tega, tegua. Pakia, pakua. Ukishawapa tatu, wanaleta nyingine kutoka nyumbani, na kila inayoletwa inajadiliwa.

Huku kusini ukoo wa neno una kazi ya ziada. Watoto wetu wengi husema "nkulima", "ntoto", "ntu", na ndivyo wanavyoandika. Hilo si uzembe wa ulimi. Ndivyo sauti hiyo inavyokaa katika lugha ya mama zao, na mwalimu anayemcheka mtoto kwa hilo anafunga mdomo ambao alitakiwa aufungue. Orodha haiwezi kulisaidia hili, na hadithi pia haiwezi, kwa sababu katika zote mbili neno linakuja zima. Ukoo unalikata: m-kulima, m-soma-ji, m-zazi, m-vuvi. Mtoto anaona kwamba ile sauti ya mwanzo ina kazi moja katika maneno hayo yote, kumtaja mtu, na ina umbo moja la kuandikwa. Katika daftari za muhula uliopita makosa ya "n" yalipungua waziwazi, ingawa midomoni bado wanasema vilevile, na mimi sina ugomvi na hilo.

Ila uwe tayari, watoto wakishapata kisu watakata kila kitu. Mvulana mmoja aliniambia kitabu ni tabu ndogo. Mwingine, kwa mantiki iliyonyooka kabisa, alisema kununua ni kuacha kununa. Usiwakaripie. Waambie kitabu kimekuja kutoka Kiarabu kikiwa na "ki" yake tayari, na kwamba kila tunapokata neno lazima tuulize: vipande vina maana inayolingana na neno zima? Nuna na nunua havikutani. Swali hilo ni muhimu kuliko kanuni yenyewe, na mtoto wa miaka tisa analiweza.

Na hapa ndipo ukoo unapofikia mpaka wake. Maneno mengi ya lile fungu la pili yametoka Kiarabu na hayana watoto wengi: shauku, ghafla, aghalabu. Ukiyachorea mti utapata shina tupu. Hayo yarudishe kwenye hadithi. Mengine yanadanganya, yanaonekana ya kigeni kumbe yana ukoo: stahimili ina ustahimilivu na mstahimilivu, na hatimaye ni hatima iliyofanywa kama mwishowe ilivyotokana na mwisho. Kabla hujaamua neno halina ukoo, kaa nalo dakika mbili.

"Bahatisha kutokana na sentensi"

Ushauri huu tunautoa sana, kwamba asome sentensi nzima na ataelewa. Kwa msomaji mkubwa unafaa. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni mzigo mkubwa mno. Mwaka 1999 Swanborn na de Glopper walikusanya tafiti zilizopima jambo hili, wakaona kwamba katika kila maneno 100 asiyoyajua mwanafunzi anapojisomea kawaida, anajifunza kama 15. Mwaka 2000 Hu na Nation, wakipima watu wanaosoma Kiingereza kama lugha ya pili, walionyesha kwamba ili msomaji aelewe vizuri bila msaada anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Yaani neno moja geni katika kila hamsini.

Jaribu hivi: chukua kitabu chako, hesabu maneno hamsini ya aya moja, muulize mtoto wa katikati ya darasa ni mangapi hayajui. Nilipofanya hivyo na aya ya maarifa ya jamii yalitoka saba. Kumwambia abahatishe hapo ni kumwambia avuke Ruvuma kwa kubahatisha kina. Msafiri wetu alikuwa na kiu, na mtoto mwenye akili timamu alibahatisha vizuri kabisa: mwenye kiu hunywa maji.

Njia hii ina thamani pale mtoto anaposoma vitabu vyepesi kwa wingi, kwa sababu hayo 15 yanajumlishana. Kama shule yako ina sanduku la vitabu vidogo vya hadithi limefungiwa stoo, lifungue. Lakini usilitegemee neno muhimu lijifundishe lenyewe.

Kitu chenyewe, na neno la nyumbani

Kwa maneno ya fungu la kwanza, leta kitu. Sina mengi ya kuongeza. Mzani, kipimajoto, ukili, nanga: kikionekana na kushikwa, neno limeingia.

Pale kitu kinapojulikana na jina tu ndilo geni, uliza: "Nyumbani mnakiitaje?" Acha watoto watatu wajibu kwa lugha zao, kisha toa neno la Kiswahili. Lugha ya kufundishia shule zetu za msingi ni Kiswahili na itabaki hivyo, na swali moja la namna hii haliibadilishi. Linamwambia mtoto kwamba tayari anajua kitu, anahitaji jina la pili tu. Tahadhari yake ni moja: katika darasa lenye mchanganyiko, kama la Masasi mjini, usitumie lugha moja kila siku, maana wengine watajiona wageni. Na kuna maneno ambayo usiyahangaikie kabisa. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, ni ming'oko.

Maneno ya fungu la tatu nayo ninayafundisha kwa kitu, ila kitu hicho nakitafuta karibu. "Visukuku" lilikuwa neno gumu kabisa hadi nilipowapeleka, kwa maneno, Tendaguru. Kule Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa mno walioishi kabla binadamu hajakuwapo. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wa huku, walibeba mawe hayo kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na mifupa ya mjusi mmoja imesimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo. Watoto wakauliza: mifupa iligeukaje mawe? Swali hilo ndilo maana ya kisukuku. Vivyo hivyo "magofu" kwa Kilwa Kisiwani, "gesi asilia" kwa Msimbati na Songo Songo. Neno la sayansi likipata mahali, linaacha kuwa la kukariri.

Yote haya yanasahaulika

Hapa njia zote ziko sawa, na zote ni dhaifu zikiachwa peke yake. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza tusipokirudia, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi yanashikilia kuliko marudio ya mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akapendekeza kisanduku chenye vyumba: kadi uliyoikumbuka inasonga chumba cha mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, uliyoisahau inarudi chumba cha kwanza.

Mimi sina vyumba, nina mifuko mitatu iliyoshonwa kwa kitambaa cha sare iliyochakaa, imening'inia ukutani. Manila moja ukiikunja mara nne inatoa kadi kumi na sita. Mfuko wa kwanza unaulizwa kila siku, wa pili kila Jumatano, wa tatu kila mwisho wa mwezi. Dakika tano kabla ya kipindi, mtoto mmoja anachomoa kadi, anasoma, anamchagua mwenzake atoe mfano. Darasa ndilo linaloamua kadi iende mbele au irudi. Kama una nafasi ya kuongeza jambo moja tu kwenye ufundishaji wako muhula huu, ongeza mifuko hii, hata kama utaendelea na orodha.

Nikiwa mahali pako

Darasa kubwa, kitabu kimoja, muda mfupi: hadithi mara mbili kwa wiki, maneno matatu kila mara, na yaandikwe ubaoni makubwa. Darasa lenye watoto wengi wanaoandika "nkulima": ukoo wa neno kila Ijumaa, na uanze na mizizi ya nyumbani kama zaa, lima, vua, pika. Mtihani uko wiki ijayo na kuna maneno kumi hayajaguswa: andika orodha bila aibu, lakini chagua yale yenye pacha. Kwa Kiingereza, ambacho chini ya mtaala mpya ulioanza 2024 kinafundishwa tangu darasa la kwanza, ukoo wa neno hautakupa mavuno ya haraka katika hatua hii. Huko shika kitu, fanya kitendo, taja neno, na usione haya kulitaja kwa Kiswahili mara moja ili msipoteze dakika kumi mkikisia.

Mwezi wa kumi korosho zikianza kuokotwa na minada kufunguliwa, Jumatatu madawati yangu huwa na mapengo. Wiki hiyo nachukua maneno manne kutoka kwenye redio na vipaza sauti vya kijijini, kila moja kwa njia yake. "Stakabadhi" nalipa sekunde kumi ubaoni: ni risiti, na mtoto yeyote mwenye ya babu yake ailete tuione. "Unyevu" nalileta kwenye vikombe viwili, kimoja cha korosho zilizokauka na kingine za jana. Wanatikisa, wanasikiliza ipi inagonga, wanabonyeza. "Pembejeo" wananieleza wenyewe, maana tangu mwezi wa sita wamekuwa wakibeba salfa, dawa ya mikorosho. "Ridhia" ndilo linalokula kipindi. Wakulima wameridhia bei. Nasoma hadithi fupi niliyoitunga ya mnada uliovunjika asubuhi na kufanikiwa jioni, tunalitoa neno mnadani na kulipeleka nyumbani, kisha tunachora mti: ridhia, ridhika, ridhisha, ridhaa, maridhiano. Halafu kila mtoto anasema jambo moja aliloliridhia wiki hiyo ingawa hakulipenda sana, na wale waliorudi Jumatano ndio wanaoanza.